Si kila mbayuwayu mweusi wa Kitulo ni buluu

Vijana wa mafunzo kwa vitendo hapa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mvua zimeanza, na daftari zenu zimeshaanza kutuchekesha. Kundi zima la mbayuwayu buluu, kandokando ya msitu, ndani ya ukungu! Jamani.

1. Darubini. 8x42 (hukuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, 10x42 kwenye upepo wa uwandani inatetemeka mno. Fumba jicho la kulia, lenga kwa gurudumu la kati mpaka uone wazi, kisha fumba la kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia. Basi.

2. Mbayuwayu. Hapa ndipo mnapotutoa jasho. Mnaona weusi na mkia wa panda, mnaandika buluu. Mkia ni shahidi wa uongo: dume la buluu lina nyuzi mbili ndefu, lakini za jike ni fupi, za chipukizi fupi zaidi, na yule mbayuwayu mweusi wa msituni, ambaye ni aina nyingine kabisa, naye ana panda. Anza na mahali. Buluu huwinda chinichini juu ya majani ya uwanda, na kiota chake cha tope hukibandika ndani ya shimo ardhini, mara nyingi la muhanga. Mweusi hushinda ukingoni mwa msitu, na hutoboa kishimo chake kwenye kingo za udongo. Kisha subiri ageuke: mweusi wa huku ana weupe chini ya bawa, buluu ni giza tupu. Jua likimpiga mgongoni ndipo buluu yenyewe inaonekana. Kwenye ukungu kila mbayuwayu ni mweusi. Usipoona vizuri, andika "hakutambulika". Hiyo ni rekodi halali kabisa.

Tunawasumbua kwa sababu huyu mbayuwayu buluu yuko hatarini. Huja huku kuzaliana wakati wa mvua, kisha hurudi pande za Ziwa Victoria, na nje ya hifadhi uwanda wake unageuzwa mashamba ya viazi na misindano. Rekodi ya uongo inawapeleka watu kulinda mahali asipokuwepo. Na ukikuta shimo lenye kiota, rudi nyuma. Muhanga hakulichimba kwa ajili ya simu yako.

3. Mbayuwayu wa Ulaya: koo la rangi ya kutu, tumbo jeupe. Huyu mkimkosea, hatuna la kusema.

4. Korongo wahamao msiwaamkie alfajiri. Hungoja ardhi ipate joto ndipo hewa iwanyanyue, kwa hiyo kuanzia saa 4 hivi. Hesabu kumi, pima kundi lote kwa ukubwa wa hiyo kumi, andika kabla hawajavuka kilima. Kwa penseli, wino ukinyeshewa haubaki.