Tabaka la urani jembamba hivyo la nini?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimesikia kuna maabara zinakuza fuwele za urani nyembamba kuliko unywele, juu ya kijiwe kingine. Kwa nini wasichukue tu kipande cha fueli ya nyuklia wakakichunguza? Na hiyo mionzi haiwadhuru?

JIBU: Swali zuri sana hili. Tuanze na mionzi. Tabaka la urani oksaidi (urani iliyoungana na oksijeni, ndiyo fueli yenyewe) lenye unene wa nanomita 100, nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, eneo la sentimita moja ya mraba, ukipiga hesabu lina uzito wa kama mikrogramu 110 hivi, na kama ni urani-238 tupu basi kila sekunde inavunjika atomu moja na ushee na kutoa mionzi, basi. Fueli iliyotoka kwenye kinu cha nyuklia huwezi kuisogelea, inashikwa kwa mikono ya mashine nyuma ya ukuta mnene.

Lakini kwangu mimi usafi ndo jambo lenyewe. Fueli ya kawaida imejaa punje zilizoelekea kila upande, nyufa, vitundu, na ikishatumika inakuwa na elementi nyingine kibao ndani, sasa ikianza kuliwa na maji, na hilo ndo wanalolichunguza, utajuaje nini kimesababisha nini?

Kazi yote inabebwa na kile kijiwe cha chini. Chukua kalisiamu floraidi, atomu zake zimepangwa kwa umbo lilelile la urani oksaidi, kile kisanduku cha atomu kinachojirudia kina upana wa nanomita 0.546 na cha urani oksaidi 0.547, yaani atomu zikitua zinakuta nafasi zishapangwa zinakaa mulemule. Zinafikaje hapo? Kwenye chemba iliyonyonywa hewa, gesi ya agoni iliyochajiwa umeme inagonga bamba la urani, atomu zinachomoka, kijiwe kimepashwa moto kinazipokea. Oksijeni inaingizwa kidogo sana, na hapa pana mtihani, maana ikizidi urani inaendelea kuinywa na mpangilio wote unavurugika.

Halafu wanaweka maji juu yake na kuipiga eksirei kali. Eksirei inavunja maji, inatokea haidrojeni peroksaidi, hiyo inaigeuza urani kuwa aina inayoyeyuka kirahisi, tabaka linaanza kupungua. Unene unasomeka kwenye eksirei inayorudi, hata ikiondoka nanomita moja unaiona, na kwenye kipande kizima cha fueli nanomita moja ungeitafutia wapi?