USIKICHOMEKE! Kikandio changu cha kizamani kilivyokufa Tanga kwa dakika moja

Acha. Kabla hujanunua hiyo adapta, acha kwanza.

Mkuu, nimesoma swali lako nikiwa kwenye daladala mpaka nimepitiliza kituo. Umepata kikandio cha umeme cha zamani huko Houston, kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Kichwa cha chuma cha mviringo kinachopata moto, mpini wa mbao, waya uliovishwa kitambaa, na boksi lake lipo. Desemba unashuka Dar, unataka kumpelekea bibi anayesumbuliwa na miguu. Unauliza ni cha mwaka gani, hiyo nikeli iliyofifia unaisafishaje, kikiuzwa kitaleta shilingi ngapi, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeomba chumvi jirani: "nadhani adapta ya kawaida itatosha?"

Haitoshi! Hilo la mwisho ndilo swali. Mengine yote mapambo.

Mimi nilikuwa wewe. Nilifanya kazi ya kutunza wazee Columbus, Ohio, miaka sita. Bibi mmoja niliyemhudumia alikuwa nacho kama hicho hicho kwenye droo ya kando ya kitanda, alikirithi kwa mama yake. Alipofariki, wanawe wakanipa mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimkanda nacho. Ukikishika mkononi kina uzito wa pasi ndogo, na kile kichwa ukubwa wake kama limau lililokatwa nusu. Hakitetemeki, hakina mota. Kinapata joto tu, mkono wako ndio unafanya kazi ya kuchua. Baridi ya Ohio ikiingia gotini hukaa kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, na mimi majira mawili nilikitumia kwenye magoti yangu bila tatizo lolote. Dakika kumi kinakuwa vuguvugu, robo saa kimekolea, unalala usingizi wa mtoto.

Ndiyo maana nilijiamini. Kinafanya kazi, nakijua, ni changu.

Sasa sikiliza. Nimerudi likizo, tumefika Tanga kwa wakwe. Mama mkwe bega limemkamata wiki nzima. Mimi nikaona hapa ndipo pa kung'ara. Nikatoa boksi kwenye sanduku kama mganga anayetoa mkoba. Kwa heshima zetu mimi siwezi kumkanda mama mkwe, kwa hiyo kukanda ni kazi ya mke wangu. Yangu mimi ilikuwa moja tu: kuchomeka. Na hiyo moja ndiyo niliyoharibu.

Adapta nilinunua Kariakoo siku tuliyotua. Nilimuuliza muuzaji kwa mdomo wangu huu: hii inabadilisha umeme wa huku uwe kama wa Marekani? Akanigeuzia adapta, akanionyesha maandishi mgongoni: 110–250V. "Bosi, si umeona? Inapokea wa huku, inatoa wa kule." Nikaona. Ndiyo kuingizwa mjini huko, na mji wenyewe nimezaliwa! Yale maandishi maana yake ni kwamba hicho kiplastiki chenyewe kinavumilia volti hizo bila kuyeyuka. Hakibadilishi kitu. Ndani kuna vipande vya shaba vinavyounganisha tundu la Marekani na pini za hapa. Volti 230 zinaingia, volti 230 zinatoka.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba ile ile adapta usiku uliopita ilichaji simu na laptopu vizuri kabisa. Chaja za siku hizi zimeandikwa zinapokea kuanzia 100 mpaka 240, zenyewe ndizo zinajirekebisha. Kwa hiyo kila chaja iliyopona ilinidanganya kidogo kidogo, mpaka nikafika kwenye kitu ambacho hakijui kujirekebisha.

Halafu kuna shemeji. Kaka wa mke wangu ana diploma ya umeme, na hiyo diploma imetundikwa sebuleni juu ya televisheni, huwezi kuikwepa. Nikasema ngoja nimwonyeshe mtaalamu. Akasoma kile kibao kidogo cha chuma kwenye mpini: volti 110, wati 40, AC au DC. Akaruka hizo namba mbili za mwanzo kama mtu anayeruka dimbwi, akatua kwenye AC na DC. "Shem, hiki kinakula umeme wowote. Chomeka." Nikachomeka. Mpaka leo tukikaa naye mezani namuuliza kama na yeye anakunywa chai ya moto wowote.

Maneno hayo ya AC na DC hayasemi lolote kuhusu volti. Zamani hizo sehemu nyingine za miji ya Marekani zilikuwa zinaletewa umeme wa DC nyumbani (New York laini za mwisho zilizimwa 2007, sitanii), na koili ya joto haijali umeme unakwenda upande mmoja (DC) au unarudi na kwenda (AC). Inajali unasukumwa kwa nguvu gani. Basi.

Kilichotokea: mke wangu alikijaribu kwanza kwenye mkono wake, akasema kimeanza kupata moto. Mimi nikasema vizuri, kimefurahia hali ya hewa ya Tanga. Akakiweka begani kwa mama, juu ya khanga iliyokunjwa mara mbili. Ikaja harufu ya vumbi linaloungua, ile ya pasi iliyokaa muda mrefu kabatini. Nikasema kawaida hiyo. Halafu harufu ya mpira. Mama mkwe akasema "mbona..." na hakumalizia. Mke wangu akakinyanyua, khanga ikaja nacho. Ndani kikalia "tap!", moshi ukatoka pale mpini unapokutana na chuma, na nyumba nzima giza.

Khanga ilikuwa na tundu lenye ukingo wa kahawia. Bega la mama lilikuwa na duara jekundu ukubwa wa sarafu ya mia mbili, ambalo kwa rehema za Mungu halikufanya hata lengelenge. Alipopata pumzi alimwambia binti yake, si mimi, maana mimi alikuwa haniangalii: "Mumeo amenipiga pasi kama shati la Idi."

Asubuhi nilikipeleka kwa fundi redio mmoja, mzee, mwenye kibanda chake barabara ya tatu kutoka kwetu. Alikifungua kwa bisibisi taratibu. Ndani kulikuwa na waya mwembamba wa koili uliozungushwa kwenye vipande vya ulanga, yale madini membamba yanayovumilia moto, na ule waya umekatika katikati, ulanga umekuwa mweusi kama chungu. Akachukua kalamu, akaandika mgongoni mwa boksi la viberiti: wati 40 kwa volti 110 maana yake ukinzani wa koili ni kama omu 302. Koili haibadiliki kwa sababu wewe umepanda ndege. Ipe volti 230, inapitisha ampea 0.76, na hizo mara 230 ni wati 175. Mimi nilikuwa nadhani volti ikiwa mara mbili, joto nalo ni mara mbili. Kumbe volti ikipanda, na mkondo unapanda nao, vinazidishana. Zaidi ya mara nne! Wati 175 kwenye kitu cha ukubwa wa nusu limau, kisicho na kidhibiti joto cha aina yoyote. Pasi yako ya nyumbani ikikolea inajizima yenyewe. Hiki hakijui neno "imetosha".

Najua kuna mdau ataandika hapa chini: tumia stepdauni, lile boksi la kushusha volti. Nilimwambia fundi hivyo hivyo, nikajiona nimeerevuka. Akanivutia ule waya wa kitambaa, akaukunja kwa vidole mbele yangu. Mpira wa ndani ulimwagika mezani kama makombo ya biskuti. Shaba mbili uchi, kitambaa tu ndicho kinazitenganisha. Akaniambia, "Hata ungekiletea Marekani yenyewe hapa kibandani, huu ungekuua." Na kile kichwa cha chuma hakina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, kimekuja na nyaya mbili tu. Waya wa koili ukikatika na kugusa ganda, chuma chote kinakuwa na umeme, na kazi ya hicho chuma ni kukaa juu ya ngozi ya mtu mgonjwa. Mimi yale majira mawili ya Ohio sikuwa mjuzi. Nilikuwa na bahati, na sikujua kama naitumia.

Tena waya za vifaa vya joto vya enzi zile, pasi na jamaa zake, nyingi ziliwekwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, chini ya kitambaa ili zivumilie moto. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe za kijivu zinachungulia pale kitambaa kilipochanika, usizichokonoe, usizipulize, wala usipige msasa kitu chochote karibu nazo.

Kwa hiyo kanuni ni moja nayo nimeilipia: PLAGI KWENYE BAHASHA. Leo, huko huko Houston, kabla hujakipakia. Plagi nyingi za wakati ule zina skrubu, unafungua kwa bisibisi, hukati kitu. Weka plagi kwenye bahasha, bahasha ndani ya boksi, na ncha za waya zifunge kwa uzi. Wakusanyaji watakuambia kitu kikamilifu kina thamani zaidi, na plagi yako ipo, haijapotea. Ila hakuna shemeji, hakuna mpwa, hakuna msichana wa kazi atakayekiona kabatini akasema hebu tujaribu. Usimwambie mtu "usichomeke". Mimi mwenyewe ningeambiwa usichomeke ningechomeka. Kitu kisicho na plagi hakihitaji maelezo.

Usiniletee habari za "nitakichomeka mara moja tu nione kama kinawaka". Changu kiliwaka vizuri sana.

Umri, haya, kwa kifupi. Tazama plagi kabla hujaiweka kwenye bahasha (umeona, tumerudi pale pale). Kama ina uzi wa kuzungusha kama shingo ya balbu, ni ya wakati ambao nyumba nyingi zilikuwa na taa tu na hazina soketi za ukutani, ukitaka kutumia kitu unatoa balbu unakifunga pale. Harvey Hubbell ndiye alipata hataza (hati ya uvumbuzi) ya plagi inayochomoka, 1904. Waya wa nikromu, ule usioungua haraka ukiwa mwekundu, Albert Marsh aliupatia hataza 1906, na vifaa vya joto vya majumbani vilishika kasi baada ya hapo. Kisha tafuta namba ya hataza kwenye kibao. Marekani walifika namba 1,000,000 mwaka 1911 na 2,000,000 mwaka 1935, kwa hiyo ikianza na moja na ina tarakimu saba umeshajua uko wapi. Na soma boksi. Changu kiliahidi kuondoa baridi yabisi, maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na makunyanzi, vyote kwa wati 40. Mpaka ilipokuja sheria ya 1938, mamlaka yao ya chakula na dawa haikuwa na meno juu ya vifaa vya namna hii, ndiyo maana boksi za kabla ya hapo zinaongea kama mpiga debe wa stendi. Kama chako kina mota na kinatetemeka pia, basi ni ukoo mwingine, ule unaorudi nyuma mpaka kwa daktari Mwingereza Mortimer Granville na nyundo yake ya umeme ya miaka ya 1880. Nayo haichomekwi!

Na bibi mpelekee chupa ya mpira ya maji ya moto, hata hapa zipo, usibebe uzito. Au aendelee kukandwa na kitambaa kama alivyokandwa alipojifungua watoto wake wote. Mama mkwe bega lilipona kwa kitambaa na sufuria la maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, siku tatu, umeme haukuhusika.

Piga picha ya kile kibao uiweke hapa, karibu, volti na wati zisomeke. Na picha ya pili iwe ya bahasha.

Changu kipo kwenye rafu sebuleni kwetu, kichwa kimebaki na doa la bluu pale kilipopata moto kupita kiasi. Mama mkwe akija kututembelea huwa anasimama mlangoni kwanza, anakitazama, anauliza, "Kimelala?" Namjibu, "Kimelala, mama." Anaingia, anakwenda kukaa kiti cha upande mwingine.