Mombo hadi Lushoto: usiipakie baiskeli kwenye basi

Mkuu, umeuliza kama ni heri upande basi na baiskeli yako kutoka Mombo hadi Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kisha uteremke nayo tu hadi Mombo. Njia hiyo nimeipanda mara tatu kwa baiskeli, na nakusihi: panda mlima kwa pedali zako.

Ondoka Mombo alfajiri, jua likiwa bado changa. Ni kama kilomita 33 za lami, na karibu zote ni mlima. Unaacha joto na mashamba ya mkonge, unaishia mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Tumia gia nyepesi, usishindane na mtu. Kwenye kona bana kushoto kabisa, maana barabara ni nyembamba na Fuso za kabichi na viazi zinashuka zimeshiba.

Kinachonirudisha kule ni hewa. Jasho la Mombo linakukaukia mgongoni, unaanza kusikia mto bondeni, migomba inatokea kwenye miteremko, halafu kona moja tu na ubaridi unakugusa shingoni. Kwenye basi ungekuwa umesinzia.

Soni ni karibu nusu ya safari. Shuka hapo. Maporomoko yako jirani na barabara, na kimji chenyewe kinatosha kukushika saa nzima: chai ya moto, chapati, na wakati wa msimu kina mama wanauza plamsi kwenye mabeseni. Safari yangu ya kwanza nilimwamkia fundi baiskeli mmoja pale, mzee wa makamo, nikamwomba pampu. Aliinama akaangalia raba za breki, akasema, "Mwanangu, kwa raba hizi unapanda tu, hushuki." Akanibadilishia zote nne. Kesho yake wakati wa kuteremka nilimwombea dua kila kona. Kwa hiyo beba raba za akiba, na ukishuka usishikilie breki mfululizo. Bana, achia, bana tena.

Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, lala usiku mmoja, na chukua sweta. Asubuhi endesha hadi Irente, kama kilomita sita za kupita mashambani, watoto wakikukimbilia pembeni. Njia inakatikia kwenye jabali. Egemeza baiskeli, sogea taratibu, tazama chini: tambarare yote, barabara kuu kama uzi, na ile mistari ya mkonge uliyoiacha jana alfajiri.