Kuwezesha Nani, Kufanya Nini?

Msomaji anayefasiri ripoti ya uchumi wa Ujerumani anauliza: benki zinazomilikiwa na serikali za majimbo, kama NRW.BANK ya North Rhine-Westphalia na LfA Förderbank Bayern ya Bavaria, ziitwe "benki za maendeleo za mikoa" au "benki za uwezeshaji za majimbo"?

Mkoa uondoke kwanza. Bavaria ina bunge lake, waziri mkuu wake na bajeti yake, ilhali mkoa, kwa matumizi ya Tanzania, huongozwa na mkuu aliyeteuliwa na rais. Kwa hiyo ni jimbo. Nazo ni benki za maendeleo, jina ambalo wasomaji wetu wamekwisha kulizoea. Ningeishia hapo kama msomaji asingeligusa neno "uwezeshaji", ambalo kwa miaka mingi nimeliona likimeza vitenzi vya fedha kimoja baada ya kingine.

Asili yake haina utata: ni weza na kiambishi cha kusababisha, yaani kumfanya mtu aweze. Aweze nini? Kitenzi hiki hudai kingine nyuma yake, kama katika kumwezesha mtoto kusoma, lakini siku hizi watu "huwezeshwa" tu, na sentensi hufungwa kabla hatujaambiwa walichoweza.

Msomaji ametuletea sentensi yake: "LfA imewawezesha waokaji mikate wa Bavaria." Tuichambue. Mwokaji wa Nürnberg anayetaka tanuri jipya haanzi kwenye dirisha la LfA, benki iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye makao makuu München. Huanzia kwenye benki yake ya kila siku, pengine Sparkasse, yaani benki ya akiba, ya mjini kwake, nayo ndiyo inayoipima biashara yake, inayopeleka maombi LfA, inayotia saini mkataba naye na inayomdai. LfA huipatia benki hiyo fedha za riba nafuu, na pale dhamana za mkopaji zinapokuwa hafifu, inaweza kukubali kubeba sehemu ya hasara endapo mkopo hautalipika. Hapo LfA imeikopesha Sparkasse, Sparkasse imemkopesha mwokaji, na hatari ya hasara imegawanywa baina ya benki hizo mbili. Mwokaji mwenyewe hajasamehewa hata senti moja ya deni. Je, "imewawezesha" imetueleza lolote katika hayo? Imetuachia dhana kwamba watu wamegawiwa fedha, na dhana hiyo ni ya uongo.

Kiswahili kina kukopesha, kudhamini, kutoa ruzuku, kuchangia mtaji na kupunguza riba, na kila kimoja kina uzito wake mbele ya sheria, kwa kuwa mkopo hurudishwa ilhali ruzuku, masharti yake yakitimizwa, hairudishwi. Sächsische Aufbaubank ya jimbo la Sachsen hutoa mikopo na pia hugawa ruzuku, zikiwemo zinazotokana na fedha za Umoja wa Ulaya. Mfasiri anayesema "imewezesha" kwa zote mbili amemnyima msomaji habari yenyewe.

Jina la benki nalo lisilegezwe. Kwa makubaliano ya Ujerumani na Kamisheni ya Ulaya, madeni mapya ya zile ziitwazo Landesbank, yaani "benki ya jimbo", zinazofanya biashara sokoni, yalikoma kudhaminiwa na majimbo kuanzia Julai 2005, lakini benki za maendeleo zilibaki na udhamini huo kwa sharti kwamba zishughulikie kazi za maendeleo na zisishindane na benki za biashara. WestLB, Landesbank ya North Rhine-Westphalia, iligawanywa mwaka 2002 kwa sababu hiyo: upande wa maendeleo ndio chimbuko la NRW.BANK, na upande wa biashara uliendelea na jina la WestLB mpaka ulipovunjwa mwaka 2012. Anayeandika "benki ya jimbo" kwa zote mbili amefuta mpaka uliogombaniwa kwa miaka.

Siwezi kulifukuza neno "kuwezesha" katika mabango na hotuba, wala sitajaribu tena. Katika tafsiri ya ripoti nalikubali kwa sharti moja, kwamba lifuatwe na tendo: mkopo wa riba nafuu uliopitia Sparkasse, ambao LfA ilibeba sehemu ya hatari yake, ulimwezesha mwokaji kununua tanuri.