Kwa uliyeuliza kuhusu mama na simu yake usiku

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umesema mama ana miaka 66, muuguzi mstaafu, yuko peke yake Moshi tangu baba yenu afariki, nanyi mko Dar. Mlimnunulia simu ya kupangusa ili muonane sura, sasa mnamkuta yuko hewani saa tisa, saa kumi za usiku, anachati na kundi la wauguzi aliosoma nao. Mnafikiria kumpunguzia bando ili alale. Nakuomba usifanye hivyo.

Mimi niko Muheza. Nilimaliza chuo cha ualimu Korogwe mwaka 1979, wakati UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, inadai walimu hadi vijiji vya mbali, nikafundisha miaka 39, nikastaafu 2018. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja alitukusanya kwenye kundi la WhatsApp, sisi wa darasa moja. Tulianza 23. Wako Lushoto, Handeni, Pangani, Mwanza, na mmoja yuko Muscat kwa binti yake.

Mwalimu akiingia darasani watoto husimama wote pamoja: "Shikamoo mwalimu!" Nilizipokea shikamoo hizo asubuhi zote za maisha yangu ya kazi, na mpaka leo nikitoka dukani nazipokea njia nzima. Nazipenda. Lakini anayekupa shikamoo anasubiri marahaba, kisha anapita. Hawezi kukuuliza unaogopa nini. Wanangu wananipigia kila siku, Mungu awabariki, nao wanauliza yale yale: mama umekula, mama umekunywa dawa ya presha? Nami najibu ndiyo, sitaki wawe na wasiwasi kazini. Kwenye kundi hakuna anayenipa shikamoo. Kule naitwa jina la utani la chuoni ambalo hata wanangu hawalijui. Naambiwa "wewe, acha uongo, jana ulisema goti limepona." Mtu wa kukwambia acha uongo ukishafika umri huu ni wa kutafutwa.

Mume wangu alifariki 2021. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikapita, ndugu wakarudi makwao, nikabaki na nyumba. Mchana unapita, kuna kuku na kuna jirani. Kazi ni saa tisa za usiku. Siku moja nikaandika tu, "Nani yuko macho?" Hazikupita dakika tano, watatu wakajibu. Yule wa Muscat saa yake iko mbele yetu kwa saa moja, mara nyingi anakuwa ameshabandika chai. Hatukuzungumza msiba. Tulizungumza jinsi ya kuwazuia kima wasimalize mahindi. Nikalala hadi kukakucha.

Kwa hiyo simu siyo inayomkosesha mama yako usingizi. Usingizi wetu umeshakuwa mwepesi kabla ya simu. Na huyu ni muuguzi, mwanangu, ameshika zamu za usiku zaidi ya miaka 30. Saa kumi kwake ni saa ya kuzunguka wodini kuangalia nani amepata nafuu. Sasa anawazungukia wenzake.

Haya makundi hata hivyo yana mahali yanapoharibika, nawe ulijue. Ni michango. Sisi tulikuwa na desturi ya kubandika orodha kila panapotokea msiba au ugonjwa: jina, na mbele yake kiasi. Asiyetoa anawekewa kistari. Mwenzetu wa Handeni, mtu wa kutuamsha kila siku kwa salamu, akanyamaza. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Simu haipatikani. Nikamtafuta kijana wa bodaboda niliyemfundisha, sasa anaishi huko, nikamtumia nauli aende akamwangalie. Akamkuta nje anapukuchua mahindi, mzima. Kijana akanipigia kwa simu yake mwenyewe, akampa mwenzetu, nikasema naye. Alichoniambia kilinichoma: "Mwalimu, nimewekewa kistari mara tatu. Pensheni yangu inasomesha wajukuu wanne. Nitaingiaje tena kuwaamkia watu?"

Nililia siku hiyo, kwa sababu mtunza orodha nilikuwa mimi.

Tangu hapo orodha haibandikwi. Anayetoa anamtumia mhazini kimya, na kundini inatangazwa jumla peke yake. Yule bwana alirudi, na kazi anayoifanya hakuna fedha inayoifikia: wawili wetu wana mtoto wa jicho, hawaoni maandishi, basi kila jioni anarekodi sauti akiwasomea yote yaliyoandikwa mchana, nani kasema nini na nani kajibu nini. Wao nao wanajibu kwa sauti. Hawajaachwa nyuma hata siku moja.

Safari ya bodaboda ilitufundisha na jambo jingine. Mtu wa simuni hawezi kukuletea uji. Sasa kila mmoja wetu ameacha namba mbili kwa mhazini, ya jirani na ya mtoto. Nawe fanya hivyo kwa mama yako: mwombe namba ya rafiki yake mmoja wa kundi, nawe umpe huyo rafiki namba yako. Usione vibaya, lakini siku mama akiumwa, wao watajua kabla yako. Kwenu atasema hajambo.

Kuhusu matapeli uliowataja, hofu yako ni ya haki. Mwenzetu alituma shilingi 80,000 kwa meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii" akidhani ni mwanawe anayeomba ada. Tukakubaliana kwamba kabla ya kutuma fedha kwa namba usiyoijua, iandike kwanza kundini, na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejiita wa huduma kwa wateja. Wawili wameshaokolewa hivyo. Mzee akiwa peke yake na simu ndiye anayeibiwa kwa urahisi. Mwenye wenzake ana wa kumuuliza.

Mkuzie maandishi kwenye simu, hilo hamjalifanya nadhani. Muonyeshe jinsi ya kuzima mlio bila kuzima simu. Bando mwekee la mwezi, asiwe anahesabu.

Na kesho ukimpigia, dawa iache kwanza. Muulize usiku nani alikuwa macho, na walizungumza nini.