Re: Ninunue R6 iliyotumika ama ningojee R9?

Salaam kaka. Kama nimekuelewa, pesa ya pikipiki ya Yamaha R6 iliyotumika mkononi unayo, wapanda kila siku Mtwapa mpaka mjini Mombasa, ila tangu Yamaha watangaze R9 mpya mwisho wa 2024 roho haitulii. Mimi ningengoja, nakwambia kwa moyo wote.

R6 nimeiendesha humu humu mjini, ni pikipiki tamu lakini injini yake ya 599cc yataka raundi (mizunguko ya injini kwa dakika) za juu kabisa ndo iamke, na foleni ya daraja la Nyali utazipatia wapi? Wakaa gia ya kwanza, feni yavuma, joto lapanda mapajani na viganja vyauma kwa vile mwili wote umelalia mbele. R9 ni 890cc silinda 3, torki yake (nguvu ya kuzungusha) Nm 93 kwenye raundi 7,000, yani nguvu iko pale unapoihitaji, alafu hendo, yani mikono ya usukani, haziko chini vile. Injini ni ile ya MT-09, pikipiki nyingine ya Yamaha, kwa hivyo filta na spea nyingi za injini zaingiliana.

Ukishindwa kungoja, kwenye hiyo R6 anza na shoki za mbele, pitisha kidole polepole kwenye bomba la shoki, ukihisi vichunusi vya kutu jua chumvi ya bahari ishaingia na sili zitavuja tu. Kisha soma tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwa tairi, 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018, hiyo usiipande hata kama meno ya tairi bado yapo.

Gharama za kutoa pikipiki bandarini muulize wakala wa forodha kabla hujatoa dipoziti.