Maswali na Majibu: Tarehe 3 Februari katika Historia ya Muziki

Wasomaji wameleta maswali kuhusu wanamuziki waliozaliwa au kufariki tarehe 3 Februari. Nayajibu hapa yale yaliyojirudia zaidi.

Swali: Ajali ya ndege iliyomuua Buddy Holly, mwimbaji wa roki wa Marekani, ilitokea tarehe 2 au tarehe 3 Februari 1959? Na kwa nini huitwa siku muziki ulipokufa?

Ilitokea usiku wa kuamkia tarehe 3. Mkanganyiko unatokana na onyesho lake la mwisho, ambalo lilifanyika jioni ya tarehe 2 katika ukumbi wa Surf Ballroom mjini Clear Lake, jimbo la Iowa nchini Marekani, ilhali ndege ndogo waliyoikodi iliruka kutoka Mason City ikikaribia saa saba usiku na kuanguka shambani dakika chache baadaye. Walifariki Holly, aliyekuwa na umri wa miaka 22, waimbaji wenzake Ritchie Valens wa miaka 17 na J. P. Richardson wa miaka 28 aliyejulikana kama The Big Bopper, na rubani Roger Peterson wa miaka 21, ambaye husahaulika mara kwa mara siku hii inapotajwa.

Jina unalolitaja lilienea miaka 12 baadaye kutokana na wimbo "American Pie" wa Don McLean, uliotoka mwaka 1971. Binafsi naona limetiwa chumvi. Usiku uliofuata wasanii waliosalia wa ziara yao ya maonyesho walipanda jukwaani mjini Moorhead, Minnesota, na kijana wa miaka 15, Bobby Vee, akajaza nafasi iliyoachwa wazi, naye baadaye akawa mwimbaji mashuhuri.

Swali: Ni kweli kwamba kurusha sarafu ndiko kulikoamua nani apande ndege hiyo?

Kwa kiti kimoja, ndiyo: Valens alikipata kwa kurusha sarafu na mpiga gitaa Tommy Allsup. Kiti kingine mpiga besi Waylon Jennings alimwachia Richardson, ambaye alikuwa akiugua mafua. Ndege yenyewe ilikodiwa kwa sababu mabasi ya ziara yalikuwa yakiharibika njiani katikati ya baridi kali, kiasi kwamba mpiga ngoma Carl Bunch alilazwa hospitalini miguu yake ikiwa imedhurika kwa baridi. Habari ya sarafu inasimuliwa sana, lakini uchunguzi rasmi ndio unaoeleza chanzo cha vifo hivyo: rubani aliruka usiku katika hali ya hewa iliyomlazimu kutegemea vifaa vya ndani ya ndege bila kuona nje, hali hana kibali cha kuruka kwa namna hiyo, na taarifa ya hali ya hewa aliyopewa ilikuwa na upungufu.

Swali: Mbona watu wanapoadhimisha siku hii hawamtaji Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri?

Wanaoadhimisha kwa kufuata historia ya roki humsahau, na wanakosea, kwa kuwa kifo chake mjini Cairo tarehe 3 Februari 1975 ndicho kizito kuliko vyote vilivyotokea tarehe hii katika muziki. Alizaliwa katika kijiji cha delta ya Nile, binti wa imamu aliyemfundisha kuimba kaswida na kumvalisha mavazi ya kiume ili aweze kuimba hadharani bila kuzua maneno. Kwa miongo kadhaa maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa na redio ya Cairo na kusikilizwa katika nchi nyingi za Kiarabu. Wimbo mmoja uliweza kuchukua zaidi ya saa nzima, kwa maana mshororo uliowagusa wasikilizaji aliurudia tena na tena, kila mara kwa namna nyingine, akiwasoma waliokaa mbele yake. Baada ya vita vya mwaka 1967 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris na kutoa mapato yake kwa nchi yake.

Maziko yalifanyika tarehe 5 Februari. Mamilioni ya watu walijaa barabarani, wakalitwaa jeneza kutoka kwa wabebaji rasmi, wakalibeba wenyewe mabegani kwa saa kadhaa.

Swali: Mtayarishaji Joe Meek alimhusudu Buddy Holly na alikufa tarehe hiyohiyo. Je, ni sadfa?

Ulinganifu wa tarehe pekee hauthibitishi kitu. Wanamuziki mashuhuri waliofariki ni maelfu na mwaka una siku 365, hivyo ni lazima kila tarehe iangukiwe na wengi. Tunalolijua ni kwamba tarehe 3 Februari 1967, katika studio yake ya Holloway Road mjini London, Meek alimuua kwa risasi mama mwenye nyumba wake kisha akajiua. Alikuwa ameelemewa na madeni, na mapato ya "Telstar", rekodi aliyoitayarisha iliyofika kileleni nchini Marekani mwaka 1962, yalikuwa yamezuiwa na kesi iliyofunguliwa Ufaransa. Kesi hiyo iliamuliwa kwa upande wake wiki chache baada ya kifo chake.

Swali: Nani wamezaliwa siku hii?

Mtunzi wa muziki Felix Mendelssohn, mjini Hamburg mwaka 1809. Alipokuwa na miaka 20 aliongoza Berlin onyesho lililofufua Mateso ya Mathayo ya mtunzi Bach, kazi ya kwaya na okestra iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi. Mwingine ni mpiga piano Lil Hardin, aliyezaliwa Memphis mwaka 1898, ambaye husemwa kama mke wa mpiga tarumbeta wa jazi Louis Armstrong tu, ingawa yeye ndiye aliyemshawishi aiache bendi ya King Oliver, kisha akapiga piano katika rekodi za Hot Five, bendi ya Armstrong, kuanzia mwaka 1925.

Swali: Kwa nini siku ya kuzaliwa ya Umm Kulthum hutajwa kwa namna tofauti?

Vizazi vya vijijini enzi hizo havikuandikishwa kwa uangalifu, kwa hiyo vyanzo hutaja miaka kati ya 1898 na 1904. Anayepanga kipindi cha redio au makala ya kumkumbuka atumie tarehe ya kifo chake, 3 Februari, ambayo haina ubishi.